Umri wa Maji Ndani ya Jengo

Februari 1999 watu wengi walimiminika kwenye maonyesho ya maua ya Bovenkarspel, mji mdogo wa Uholanzi. Katika ukumbi mmoja palikuwa na wafanyabiashara wa jakuzi. Walizijaza maji, wakayapasha hadi uvuguvugu wa mwili, wakawasha mapovu ili wateja waone zinavyofanya kazi. Maonyesho tu, si ya kuogea. Watu walipita, baadhi wakasimama kuuliza bei, kisha wakaendelea kutazama maua. Siku chache baadaye hospitali za eneo lile zikaanza kupokea wagonjwa wa nimonia kali. Hadi mkasa ule unakwisha, watu 32 walikuwa wamekufa.

Uchunguzi uliishia kwenye jakuzi. Maji yake yalitoka kwenye bomba la zimamoto, bomba ambalo halikuwa likitumika mara kwa mara, kwa hiyo yalikuwa yamelala humo. Yakapashwa kwa kiwango kile kile ambacho bakteria wa Legionella hukipenda, kisha mashine ya mapovu ikayapasua kuwa vitone vidogo visivyoonekana, vikaelea ukumbini. Waliougua hawakuyanywa maji yale wala kuyaoga. Waliyapumua.

Makala nyingi za ugonjwa huu huanzia Philadelphia, Marekani, Julai 1976, kwenye mkutano wa wanajeshi wastaafu wa American Legion katika hoteli ya Bellevue-Stratford. Waliohudhuria waliugua 182 na 29 wakafa. Wengine 39 ambao hawakuwa wajumbe, walikuwa tu karibu na hoteli kwenye barabara ya Broad, nao waliugua na 5 wakafa. Januari 1977 Joseph McDade na Charles Shepard wa kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, CDC, wakamtambua bakteria. Kisa hicho kinasisimua, na ndicho kilichoupa ugonjwa jina. Ila kwa mtu anayetathmini jengo kinafundisha kidogo, maana chanzo hakikuthibitishwa kamwe. Mnara wa kupozea ulishukiwa, basi. Bovenkarspel inaonyesha mlolongo mzima tangu maji yalipolala hadi yalipofika kwenye pafu, na kutathmini hatari ya Legionella ni kuufuata mlolongo huo ndani ya jengo fulani, bomba kwa bomba.

Bakteria mwenyewe si mgeni. Yumo mitoni, ziwani, kwenye udongo wenye maji na ndani ya visima, kwa idadi ndogo isiyomdhuru mtu. Hupenya hadi majumbani hata kwa maji yaliyotibiwa vizuri. Akiwa ndani ya mabomba hujificha kwenye ule utando wa utelezi unaoganda ukutani mwa bomba na tanki, na huko hukutana na amiba. Amiba humla kama wanavyokula bakteria wengine, lakini Legionella hafi. Huzaliana ndani ya tumbo la mlaji wake mpaka akapasuka. Mwaka 1980 Mwingereza Tim Rowbotham ndiye aliyeeleza jambo hili, na linaeleza pia kwa nini mapafu yetu humshindwa: seli za ulinzi za pafu humla bakteria huyu kwa namna ile ile, naye huzifanyia yale yale aliyojifunza kwa amiba.

Kutoka mtu mmoja kwenda mwingine ugonjwa huu hauenei, isipokuwa kisa kimoja kilichoshukiwa Ureno mwaka 2014. Glasi ya maji nayo haiambukizi, labda mnywaji apaliwe na maji yaingie njia ya hewa, jambo linalowapata wagonjwa mahututi na wazee waliopooza koo. Kwa hiyo maswali ya mtathmini ni machache. Bakteria anaweza kuzaliana wapi katika mfumo huu? Maji hayo yanarushwa hewani wapi? Na nani yuko hapo akivuta pumzi?

Swali la kwanza ndilo linalotusumbua sisi wa pwani, na sioni likisemwa waziwazi na wanaotuuzia fomu za tathmini.

Fomu nyingi zinazozunguka katika hoteli na hospitali za Dar es Salaam, Mombasa na Zanzibar zina asili ya Uingereza. Huko kanuni imejengwa juu ya joto. Maji baridi yawe chini ya nyuzi 20 za Selsiasi ndani ya dakika mbili baada ya kufungua koki. Maji moto yahifadhiwe kwenye nyuzi 60 na yafike bombani yakiwa 50 au zaidi ndani ya dakika moja. Mantiki yake ni nzuri. Chini ya nyuzi 20 Legionella yupo hai lakini amelala. Kati ya 25 na 45 huzaliana, na hushamiri zaidi karibu na joto la mwili wa binadamu. Kwenye 50 huanza kufa polepole, kwenye 60 wengi humalizika katika dakika chache. Mwingereza akiyaweka maji yake pande mbili za hatari, ya baridi sana au ya moto sana, amemaliza sehemu kubwa ya kazi, na kipima joto cha bei nafuu kinamtosha kujua hali.

Sasa chukua kipima joto hicho uende nacho Kariakoo. Bomba lililofukiwa hupata joto la ardhi, na joto la ardhi hukaribia wastani wa joto la hewa la mwaka mzima, ambao kwa Dar es Salaam ni nyuzi 26 hivi. Hayo ni maji kabla hayajapandishwa juu ya paa. Yakifika kwenye tanki jeusi la plastiki lililo juani tangu asubuhi, yanapita 30 bila shida. Maji baridi ya pwani, kwa kanuni ya Uingereza, yamefeli hata kabla mtathmini hajashuka kwenye gari. Nairobi, iliyo mita 1,795 juu ya usawa wa bahari, inaweza kuukaribia mpaka ule wa nyuzi 20 miezi ya Juni na Julai. Tanga haiwezi, mwezi wowote.

Nimeona mambo mawili yakitokea hapo. Kuna mtathmini anayejaza nyekundu kwenye kila koki ya maji baridi, ripoti inakuwa ya kurasa nyingi zisizomwelekeza mtu popote, na meneja anaiweka kabatini. Na kuna anayeuruka mstari huo kimya kimya. Wote wawili wamekwepa swali. Kama joto la maji baridi hatulidhibiti, basi mzigo wake lazima ubebwe na kitu kingine, na vilivyobaki si vingi: muda ambao maji yanakaa, klorini iliyobaki ndani yake, uchafu unaowalisha bakteria, na idadi ya mahali maji yanaporushwa hewani.

Ghuba wanaujua mtihani huu kuliko sisi. Tangu Oktoba 2016 kituo cha Ulaya cha kudhibiti magonjwa, ECDC, kiliona ongezeko la wasafiri waliorudi kutoka Dubai wakiwa na ugonjwa huu, tena waliolala hoteli mbalimbali bila chanzo kimoja kuonekana. Anayeishi huko, na ndugu zetu wengi wanafanya kazi katika hoteli hizo, anajua jinsi maji ya koki ya baridi yanavyochoma mwezi wa Julai. Baadhi ya wakazi huzima hita kabisa kiangazi, wakatumia tanki lake la ndani kama mahali pa kupozea maji, wakaoga kwa koki ya moto. Ni busara ya mwogaji. Kwa mtathmini ni tanki la maji ya vuguvugu lililounganishwa moja kwa moja na shawa.

Nianze na muda, kwa sababu ndio unaosahauliwa zaidi na ndio unaohesabika kwa kalamu na karatasi.

Tuseme hoteli ya ufukweni ina vyumba 60. Kwa sababu ya mgao wa maji, ilijengewa tanki la chini la lita 40,000 na matangi ya juu ya jumla ya lita 10,000. Msimu wa wageni vyumba vimejaa, kila chumba kikitumia lita 300 kwa siku, matumizi ni lita 18,000. Maji yote ya hoteli yanabadilika ndani ya siku tatu. Si vibaya. Inakuja masika, Aprili na Mei, wageni wanabaki wa vyumba 9. Matumizi yanashuka hadi lita 2,700, na maji yale yale lita 50,000 sasa yanakaa zaidi ya siku 18. Huo ni wastani tu. Wageni wale 9 wamewekwa jengo la mbele karibu na mapokezi ili wahudumu wasihangaike, kwa hiyo bawa la nyuma lote halijafunguliwa koki tangu Pasaka. Maji yaliyo kwenye mabomba yake hayana siku 18; yana miezi miwili, kwenye joto la nyuzi 28, klorini imekwisha zamani. Juni inaingia, msimu unafunguka, mgeni wa kwanza wa bawa la nyuma anaingia bafuni baada ya safari ndefu ya ndege na kufungua shawa usoni.

Hakuna fomu ya maswali ya ndiyo na hapana itakayolionyesha hilo. Linaonekana pale tu mtathmini anapoomba vitabu viwili: bili za maji za mwaka mzima na rejista ya vyumba. Mimi ningependa kuona tathmini inayoanza na hesabu hiyo hata kabla ya kupanda paa. Halafu inakuja michoro ya mabomba, ambayo kwa majengo yetu mengi haipo, au ipo ya jengo lililopangwa na si lile lililojengwa. Hapo anatafutwa fundi bomba wa siku nyingi. Yeye ndiye anayejua kwamba jiko la zamani lilihamishwa na bomba lake likazibwa kwa plagi, likaacha mita sita za maji yasiyokwenda popote nyuma ya ukuta. Kwamba ghorofa ya nne kuna bafu lililogeuzwa stoo. Kwamba tanki la tatu juu ya paa limeunganishwa kwa namna ambayo maji huingia na kutoka upande mmoja, upande wa pili yakabaki yametuama. Vipande hivyo ni mashamba ya Legionella. Dawa yake ni msumeno: kata bomba karibu kabisa na lile kuu. Kufungua koki kila wiki kunasaidia pale ambapo koki ipo.

Jambo hili haliwapati wazembe peke yao. Mwaka 2020, majengo yalipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, CDC ilitoa mwongozo wa kuyafungua tena kwa usalama. Agosti mwaka huo huo Legionella akakutwa katika baadhi ya majengo ambayo CDC yenyewe ilikuwa imepanga Atlanta, yakafungwa.

Klorini nayo ina umri. Shirika la Afya Duniani hupendekeza ibaki angalau miligramu 0.2 kwa lita pale maji yanapomfikia mtumiaji. Maji ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, yanaweza kufika kwenye mita yakiwa na kiasi hicho, lakini ndani ya uzio ni jukumu la mwenye jengo, na joto la tanki huila klorini haraka. Kuna pia mchanganyiko wa vyanzo. Wiki hii maji ya mamlaka, wiki ijayo kisima cha uani, mgao ukizidi linaitwa boza, na vyote vinamiminwa kwenye tanki moja la chini. Maji ya kisima mara nyingi hayana klorini kabisa. Na yakiwa na pH ya 8, klorini atakayoongeza fundi itabaki na karibu robo tu ya nguvu yake, kwa sababu ile aina inayoua vijidudu hupungua kadiri maji yanavyokuwa na alkali. Fundi ametia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye ndoo, kipimo cha klorini kinaonyesha rangi nzuri, bakteria wanaendelea na maisha. Ndiyo maana anayepima klorini bila kupima pH amepima nusu.

Tope la chini ya tanki halina budi kutajwa hapa. Kutu na mashapo hufanya kazi mbili kwa pamoja: humlisha bakteria na kumeza klorini. Mji wa Flint, Michigan, ulionyesha hilo kwa gharama kubwa. Aprili 2014 ulibadilisha chanzo chake cha maji, ukaanza kuchota Mto Flint bila kutia dawa ya kuzuia kutu. Dunia inaikumbuka Flint kwa madini ya risasi yaliyoingia katika damu ya watoto. Lakini maji yale yalikwangua chuma cha mabomba pia, chuma kikala klorini, na katika kiangazi cha 2014 na cha 2015 ugonjwa wa Legionella ukaua watu wasiopungua 12. Mabadiliko ya chanzo yalifanyika kwenye mtambo wa mji. Vifo vilitokea majumbani na hospitalini. Mwenye jengo anayebadilisha chanzo kila mwezi anafanya Flint ndogo ndani ya uzio wake.

Kuhusu maji moto nitakuwa mfupi, maana hapa pwani tuna bahati isiyokusudiwa. Shawa ya umeme inayopasha maji papo hapo, ambayo wengi huiogopa kwa sababu ya nyaya zake, karibu haihifadhi maji yoyote. Haina tanki la kufugia bakteria. Hatari yake inabaki kwenye tanki la juu na kwenye kichwa cha shawa kilichoziba kwa chokaa. Hita ya tanki ni habari nyingine. Wengi huishusha hadi nyuzi 45 kuokoa umeme au huiwasha nusu saa kabla ya kuoga, na hayo ndiyo maji hatari kuliko yote katika jengo. Hita za jua ziko katikati. Kenya ilipotoa kanuni zake za mwaka 2012, zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji moto kwa siku yafunge mitambo ya jua, lengo lilikuwa kupunguza mzigo wa umeme, lengo zuri. Ila siku tatu za mawingu mfululizo tanki la jua hushuka na kutulia kwenye nyuzi 35 au 40. Mfumo kama huo unahitaji hita ya kusaidia inayoyafikisha maji nyuzi 60 kabla hayajatoka, na mtathmini akaikute inafanya kazi, si imechomolewa. Anayepandisha hadi 60 naye akumbuke kwamba maji hayo huunguza ngozi ndani ya sekunde chache. Wodi ya watoto au ya wazee inahitaji valvu ya kuchanganya, ifungwe karibu kabisa na koki.

Swali la pili, maji yanarushwa wapi, lina uvumi mwingi wa kufuta. Kiyoyozi cha kawaida cha ukutani hakisambazi Legionella. Hakirushi maji vuguvugu hewani. Kinadondosha tu matone ya baridi kwenye mpira wa nje. Nasema hivi kwa sababu kila habari ya ugonjwa huu ikitokea ng'ambo, watu huanza kuzima viyoyozi vya ofisini. Mshukiwa ni mnara wa kupozea, ule mtambo mkubwa unaokaa juu ya hospitali, jengo la maduka au kiwandani, ambao humwaga maji ya uvuguvugu mbele ya feni kubwa ili yapoe. Mnara mmoja wa hoteli kusini mwa Bronx, New York, ulihusishwa mwaka 2015 na wagonjwa 138 na vifo 16. Kaskazini mwa Ufaransa, katika Pas-de-Calais, kati ya Novemba 2003 na Januari 2004 minara ya kiwanda iliwafanya watu 86 waugue, wakafa 18, baadhi wakiishi zaidi ya kilomita 6 kutoka hapo. Wimbi la pili la wagonjwa lilifuata usafi wenyewe: mafundi walipoosha kwa mashine za shinikizo, walirusha hewani kilichokuwa kimeganda kwenye kuta. Kwa hiyo mnara hutiwa dawa kwanza, ndipo ukapigwa maji.

Minara hiyo kwetu ni michache na mameneja wake kwa kawaida wanaijua. Mimi huhangaishwa zaidi na vitu vidogo ambavyo hakuna aliyevihesabu. Baa na migahawa ya wazi ya pwani siku hizi hufunga feni za ukungu ili kuwapoza wateja. Maji yake hutoka kwenye ndoo au tanki dogo nyuma ya kaunta, na feni inarusha vitone vidogo vya ukubwa ule ule unaofika ndani kabisa ya pafu, chini ya mikroni 5. Mwaka 1989 huko Bogalusa, Louisiana, mashine ya ukungu iliyokuwa ikirashia mboga kwenye duka la vyakula iliwafanya wanunuzi 33 waugue. Kuna chemchemi za mapambo kwenye kumbi za mapokezi, zenye taa chini ya maji zinazoyapasha. Kuna jakuzi, kwa kweli jakuzi ningeiweka juu ya orodha ya kila hoteli. Na kuna vifaa vya kulainisha hewa. Mwishoni mwa 2008, katika wodi ya watoto wachanga ya hospitali moja nchini Saiprasi, kifaa kama hicho kiliwaambukiza watoto 9 na 3 wakafa.

Kisa hicho cha Saiprasi kinajibu swali la tatu vizuri kuliko jedwali lolote. Nani anapumua? Mtu mzima mwenye afya anaweza kupita kwenye vitone hivyo mara nyingi asijue. Wanaougua ni waliopita miaka 50, wavutaji sigara, wenye kisukari, figo, saratani, wanaoishi na VVU ambao kinga yao imeshuka, waliopandikizwa viungo, wanaomeza dawa za kushusha kinga. Kwa takwimu za Marekani, mgonjwa mmoja kati ya kumi hufa. Aliyeambukizwa akiwa hospitalini, mmoja kati ya wanne. Shawa moja ikiwa na bakteria wale wale ni jambo dogo katika bweni la wanafunzi na ni jambo la dharura katika wodi ya saratani. Kwa sababu hiyo siyaamini yale majedwali ya rangi yanayozidisha uwezekano wa 1 hadi 5 kwa athari ya 1 hadi 5. Uwezekano wa 3 umetoka wapi? Mtathmini ameukisia, kisha kuzidisha kukaupa makisio sura ya hesabu. Afadhali sentensi tatu za Kiswahili cha kawaida zinazosema shawa za wodi namba fulani zinalishwa na tanki fulani, maji yanakaa siku kadhaa, na wanaooga ni wagonjwa wa dialisisi. Hospitali ikitaka kuanza na jambo moja leo, bila kununua mtambo, iangalie chupa za kulainishia oksijeni na vifaa vya kuvuta dawa kwa mvuke. Humo huingia maji tasa peke yake. Ya koki hayaingii hata kwa kusuuzia.

Halafu sampuli. Wateja huzipenda kwa sababu zina nembo ya maabara. Lita moja hupelekwa, bakteria huoteshwa kwenye sahani, majibu hutoka baada ya siku kama kumi. Agizo la Umoja wa Ulaya la mwaka 2020 limeweka kikomo cha koloni 1,000 kwa lita kwenye majengo. Namba hiyo ina kazi yake, hasa kuthibitisha kama hatua zilizochukuliwa zimefaulu. Haiwezi kuchukua nafasi ya tathmini. Utando wa utelezi hubanduka kwa vipande, leo hakuna kitu, kesho kuna elfu tano. Bakteria aliyejeruhiwa na klorini huweza kukataa kuota kwenye sahani ilhali yu hai. Na yule aliyejificha ndani ya amiba iliyojifunga gamba ameonekana akistahimili hata miligramu 50 za klorini kwa lita, mara mia ya kiasi tunachotia. Sampuli inayochukuliwa kwenye koki ya karibu na pampu, siku moja baada ya tanki kutiwa dawa kwa wingi, imechukuliwa ili ipendeze. Vipimo vya kawaida vya E. koli navyo havisemi lolote hapa. Maji yanaweza kuwa safi kabisa kwa kunywa yakawa na Legionella wa kutosha.

Meneja ataniuliza: mbona sijawahi kusikia mgonjwa hata mmoja hapa? Mgonjwa wa hoteli huonyesha dalili siku 2 hadi 10 baada ya kuambukizwa, wakati mwingine 14, yaani akiwa amesharudi kwao. Mwaka 1973 watalii wa Glasgow walirudi kutoka Benidorm, Hispania, na watatu wakafa kwa nimonia isiyojulikana. Miaka ilipita kabla ya kujulikana ni Legionella. Leo Ulaya ina mtandao maalumu wa kufuatilia wasafiri, na wagonjwa wawili waliolala nyumba moja ndani ya miaka miwili huhesabiwa kuwa kundi linalohitaji kuchunguzwa. Hoteli ya Nungwi au Diani inaweza kupata habari hiyo kwa barua pepe ya wakala wa safari kabla haijapata kutoka kwa daktari yeyote. Mfanyakazi wake wa kufua, je, akiugua? Ataonekana zahanati ana nimonia, atapewa amoksilini au seftriaksoni, dawa ambazo hazimfikii bakteria anayeishi ndani ya seli. Asipopona hatabadilishiwa kwa sababu kipimo kimeonyesha Legionella, maana kipimo cha mkojo hakimo katika utaratibu wa kawaida wa zahanati, nacho hukamata kundi moja tu la bakteria hawa, lile la kwanza. Akibahatika atapewa azithromaisini kwa kubahatisha. Kutosikia hakutoki kwenye usalama wa mabomba.

Ukikabidhiwa jengo lenye tathmini iliyokwishafanywa, usianze na jedwali lake la rangi. Omba daftari ambamo fundi huandika klorini, pH na joto kila siku, na lisome kama mkaguzi wa hesabu anavyosoma stakabadhi. Daftari la kweli lina namba zinazoyumba: 0.4 leo, 0.1 siku ya boza, sifuri Jumapili moja, na mbele ya sifuri hiyo mwandiko wa haraka ukisema nini kilifanyika. Ukikuta 0.5 kila siku tangu Januari hadi Desemba, kwa kalamu ya rangi moja, muulize fundi vile vidonge vya kupimia klorini vinakaa wapi, halafu mwende pamoja mkaangalie tarehe iliyoandikwa kwenye boksi.